Freni za Kumrudisha Mama

Kila asubuhi mama yangu aliniuliza swali moja, hata salamu bado: "Freni imefika?"

"Bado, mama."

"Bado ya wapi?"

"Bado ya Mahagi." Kesho yake ikawa bado ya mpakani, kesho kutwa bado ya Kampala, halafu bado ya mvua. Mama alirudi kwenye beseni lake la mbegu na kuanza tena kuchambua maharagi aliyokuwa ameyachambua jana na juzi. Nakwambia, maharagi yale yalichambuliwa mpaka yakang'aa. Mimi nilitoka nje na kikombe cha chai bila kuinywa, nikazunguka gari, nikapiga tairi teke, nikaingia ndani, nikatoka tena. Jirani zetu wa Rwambuzi, hapa Bunia, walidhani kuna kitu nimepoteza.

Mimi ni mtu wa haraka. Mama husema nilitoka tumboni mkunga akiwa bado ananawa mikono. Chakula nakula nimesimama, na kanisani mimi ndiye ninayesema "amina" kabla ya mhubiri kumaliza. Lakini wiki zile haraka yangu ilikuwa imeharibika. Ilikuwa haraka ya mtu asiyetaka kufika, na sijawahi kuugua ugonjwa mbaya kama huo.

Acha nieleze gari kwanza, maana bila gari hii habari haipo. Ni pikapu ya zamani, ya milango miwili. Kwa gari hiyo nafuata kabichi, viazi na jibini kule Djugu, naleta sokoni Nyakasanza. Naendesha mwenyewe. Ndiyo, mwanamke; watu walicheka miaka miwili, wakachoka. Barabara ile, mvua ikinyesha, matope yanameza gari mpaka tumboni. Nikachoka kusukumwa na vijana wanaodai shukrani tangu asubuhi, nikaamua kuiinua. Nyuma tukaweka resori za kamio, yaani springi za lori, mbele tukaongeza vyuma, chini tukavisha tairi kubwa. Ikasimama juu, juu kabisa, hata kupanda nakanyaga kigoda. Wauzaji wa soko wakaipa jina la Etaji, kama nyumba ya ghorofa.

Aliyeiinua alikuwa mtu wa kupita njia, na katika kuisifia gari urefu wake hakuna aliyefikiria mipira ya freni. Siye tunaiita fleksibu: ni vile vipande vya mpira vinavyopeleka mafuta ya freni kutoka mwili wa gari mpaka kwenye gurudumu. Gari ilipoinuka, gurudumu lilibaki chini na mpira ukavutika. Tulinunua miguu mirefu tukasahau mishipa. Siku moja nateremka na shehena ya kabichi, nakanyaga freni, pedali inazama. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Nilifika Bunia kwa gia ya kwanza, jasho likinitoka kama mtu aliyepanda mlima. Fundi niliyempelekea alipolala chini ya gari alitoka na fleksibu iliyopasuka, akainyoosha mbele ya macho yangu.

"Yaya," akasema, yaani dada mkubwa, "Mungu anakupenda, lakini usimuchokoze."

Huyu fundi ni mtu wa Butembo. Familia yake ilihamia huku na biashara, kama wengi, na ndugu zake wote wana maduka. Yeye peke yake alipenda grisi. Garaji lake liko Nyakasanza, mabati manne juu ya nguzo na ukuta wa jirani kwa nyuma. Ni mpole, na ni mzito wa kazi kiasi cha kunitoa roho. Nikimwambia harakisha, ananiuliza, "Yaya, weye unataka gari itoke ao ifike?" Nilimtukana kidogo na yeye akacheka.

Alikataa kabisa kuniwekea mipira ya kuokota. Alitaka fleksibu ndefu, zile zilizofumwa waya juu, ambazo Bunia hazipatikani kwa kipimo chetu. Aliinua gari kwa kriki mpaka magurudumu yakaning'inia, akapima kwa kamba. Mwanzo wa fleksibu fundo, mwisho wake fundo, kila gurudumu na kamba yake. Hizo kamba akampa mfanyabiashara aendaye Kampala. Nikamuuliza kwa nini asiandike namba kwenye karatasi kama watu.

"Namba watu wanaigeuza njiani," akasema. "Kamba haina mudomo."

Kamba zilifika salama, fleksibu zikarudi na urefu sawasawa, lakini meno ya skurubu zake yalikuwa ya gari nyingine. Hazikuingia. Ikabidi kutuma tena, safari hii na skurubu ya zamani ikiwa imefungwa kwenye kamba. Nilipiga kelele pale garajini kwamba watu wananichelewesha, kwamba kazi yangu inakufa. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu ni mgonjwa.

Maana freni zikipona, mama anaondoka.

Mama yangu ni mkulima wa Djugu. Alikuja Bunia kwa miguu mwaka ule walipokimbia vita wote, na sufuria moja na godoro lililolowa. Nikampokea kwangu. Alipoingia alisema ni kwa wiki mbili, na wiki hizo zimekuwa miaka. Sasa watu wa kijiji chake walikuwa wameanza kurudi, kidogo kidogo. Mjomba wangu, mdogo wake, alikuwa amesimamisha tena kibanda karibu na shamba la mama, na alituma ujumbe kwa kila anayepita: mvua iko karibu, udongo umelala vya kutosha.

Mama aliposikia hilo, hakutulia. "Ninanunua sombe!" alikuwa akisema, ameshika fungu la majani ya muhogo kana kwamba limemtukana. "Mimi! Nanunua sombe kwa mafranka! Wanasema mugeni siku ya tatu mupe jembe. Hapa Bunia nimekaa miaka yote hii, nani amenipa jembe? Munanipa kiti tu. Kaa, mama. Kaa. Mimi ni picha?"

"Mama, kule bado si salama."

"Na hapa mimi ni salama ya kufanya nini?"

Niliogopa, huo ndio ukweli. Niliogopa wenye silaha, kwa sababu ninaipita ile barabara na najua nyumba zipi hazina paa. Lakini tusidanganyane, niliogopa pia nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu amekufa zamani, watoto wako masomoni Kisangani. Nikirudi jioni nimechafuka matope, ni mama anayenigombeza kwamba nimechelewa. Mtu asiyegombezwa na yeyote, huyo amebaki na nani?

Basi nilimwahidi kwa mdomo. Nikasema hupandi gari ya mtu mwingine, nitakupeleka mwenyewe, freni zikiwa tayari. Alikubali upesi mno. Si hilo tu, akawaambia wamama wenzake wa chumba cha maombi, wote wakimbizi wa Djugu kama yeye. Kumi na wawili wakasema nao wanakwenda, kila mmoja na jembe lake. Safari ikawa Jumamosi ya kwanza baada ya freni. Kila nilikopita Rwambuzi niliulizwa hali ya fleksibu na watu ambao hawajawahi kushika hata usukani wa baiskeli.

Fleksibu za pili zilifika Jumatano, na zikaingia. Ziliingia vizuri, kwa mkono kwanza halafu kwa kle, yaani spana, bila ubishi. Nilisimama pale natafuta kasoro kwa macho na sikuona hata moja.

Baada ya kuzifunga ni lazima kutoa hewa ndani ya bomba za freni. Nyuma ya kila gurudumu kuna kavise kadogo, skurubu ya kutolea hewa, siye tunakaita purje. Mmoja anakaa juu na kukanyaga pedali, mwingine yuko chini anakafungua na kukafunga. Mimi nilikuwa juu. "Piga!" anaita fundi. Nakanyaga. "Tena! Tena! Shikilia!" Nashikilia, yeye anafungua robo ya mzunguko, mafuta yanatoka na vipovu, pedali inazama chini ya mguu wangu, anafunga. "Achia!" Saa nzima tulifanya hivyo, gurudumu kwa gurudumu.

Mama alikuwa amekuja kutazama. Alikaa juu ya tairi bovu, mikono magotini, anafuata kila kitu.

"Fundi, hiyo munafanya nini?"

"Tunatoa hewa, mama muzee. Hewa ikibaki mule, freni inakuwa laini."

"Ah," mama akasema, ameridhika. "Ni kama kucheulisha mutoto."

Fundi alicheka mpaka kle ikamtoka mkononi. Mimi sikucheka. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, ilikuwa imepona.

Ilibaki kujaribu na mzigo. Fundi alikuwa na sheria yake: gari iliyoinuliwa haiaminiki mpaka uione ikining'inia na uione ikibeba, ukikata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, ndipo ujue kama fleksibu inavutwa ao inasuguana na tairi. Baada ya hapo, mteremko wa kwenda mtoni, mara moja. Alisema kesho atatafuta magunia ya mchanga.

"Muchanga ya nini?" mama akasema. "Mzigo si ni siye? Kesho saa nane nawaleta wote. Utupime siye wenyewe."

"Mama muzee, munaweza kuogopa."

"Tumeogopa mingi, siku zetu. Hiyo ya kwako ni ndogo."

Alhamisi saa sita mchana nilikuwa garajini. Fundi alikwenda kula kwake, akaniomba nimwangalizie vyombo. Jua lilikuwa kali, mabati yalikuwa yanalia. Nilikaa. Nikasimama. Nikahesabu tairi bovu. Nikaokota kle ya namba kumi, ile ya purje, kwa ajili tu ya kushika kitu. Nilijua saa nane wamama watakuja, gari itabeba, itateremka, itasimama, na Jumamosi nitampeleka mama mahali ambapo usiku sitamsikia akikohoa.

Nikaingia chini ya gari. Sikufikiri sana, na hilo silisemi kwa kujitetea. Gurudumu la nyuma, la kushoto. Nikaweka kle, nikavuta. Robo ya mzunguko.

Mpango wangu, kama unaweza kuitwa mpango, ulikuwa huu: fundi atarudi, atakanyaga pedali mara kadhaa kama desturi yake, itazama, atakuna kichwa na kusema bado kuna hewa, turudie Jumatatu. Jumatatu ningetafuta kingine. Mvua ingeanza, siku za kupanda zingepita, mama angenung'unika mpaka msimu mwingine. Ni hayo tu niliyotaka, msimu mmoja. Nikarudisha kle mahali pake, nikafuta mkono kwenye sketi. Aliporudi nilimwambia naenda sokoni kidogo kuona wateja wangu, maana sikuweza kusimama pale na kumwangalia usoni.

Sokoni nilipanga viazi vya mtu mwingine. Nilibishana na mwanamke wa vitunguu juu ya kitu nisichokumbuka. Saa nane ilikuwa bado, najua ilikuwa bado, maana niliuliza saa kila mara. Nilipoona imetosha nikarudi taratibu, nikijitengenezea uso wa masikitiko.

Garaji lilikuwa tupu. Chini ya mabati kulikuwa na kigoda changu cha kupandia na tone la mafuta.

Muuza maji ya pakiti wa pale kando akaniambia, "Wameenda. Mama yako alileta wale wamama mapema. Walipanda na wimbo, ata fundi alikuwa anaimba."

"Wameenda wapi?"

"Kuteremka mutoni."

Eh, mama yangu! Sijui nilimwachia nani mkoba. Nilikimbia. Mwanamke wa miaka yangu, na viatu vya plastiki, katikati ya pikipiki zinazopiga honi. Nilielewa yote njiani, moja baada ya nyingine. Robo ya mzunguko ni kidogo. Akikanyaga mara tatu pale kwenye ukuta, pedali bado itasimama, atasema sawa. Kila akikanyaga, mafuta yanapungua. Itafika mteremko ndipo iishe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa juu ya pedali ile saa nzima nikijifunza inavyozama. Kiatu kimoja kilinitoka, sikurudi kukichukua. Nilikuwa naomba kwa sauti na sikujali nani anasikia: mama tu, Mungu, mama tu, wengine baadaye. Ndivyo nilivyoomba, na ninaona haya mpaka leo.

Gari ilikuwa katikati ya mteremko, imepanda pua juu ya lundo la udongo mwekundu uliomwagwa kando kwa ajili ya kutengeneza barabara. Imesimama. Haikupinduka. Wamama walikuwa wamekaa chini kwenye majani, wengine wanalia, wengine wanamshukuru Mungu, mmoja anafunga goti kwa kitenge. Baadaye fundi alinieleza: pedali ilizama, freni za mbele zikashika nusu na mzigo ukazisukuma, akaingiza gia ya kwanza kwa nguvu, akaona lundo, akaliendea. Kama lisingekuwapo lundo lile, mbele kulikuwa na daraja.

Mama alikuwa mzima. Alisimama peke yake, kilemba kimelegea, mikono imeshikana mbele. Nilimkumbatia, hakunikumbatia. Aliwageukia wenzake.

"Ni mimi," akasema. "Munisamehe. Ni mimi niliwaharakisha. Fundi alisema tungojee saa nane, tungojee mutoto yangu, mimi nikasema twende, twende. Nusura niwaue kwa sababu ya tamaa ya shamba." Akakaza kilemba chake. "Mungu amenionyesha. Sitaenda tena. Nitakaa Bunia mpaka siku yangu."

Nimemwona mama yangu akifika Bunia na miguu imevimba. Nimemwona akizika. Sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile, kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku wa jirani.

Nami nilikuwa nimeshinda. Sikiliza vizuri: nilikuwa nimepata kile kile nilichotaka, si kwa msimu mmoja, kwa maisha. Sikuhitaji kusema lolote. Ilitosha kunyamaza na kumpeleka nyumbani.

Fundi akatoka chini ya gari. Vidole vyake viling'aa kwa mafuta. Alinitazama, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na nikajua kwamba anajua, maana vise aliyoikaza yeye haijifungui. Halafu akamwambia mama, "Mama muzee, si weye. Ni mimi sikukaza purje ya nyuma. Ni kosa yangu."

Wamama wakamrukia. Fundi gani huyu! Anataka kutumaliza! Mmoja akaapa kwamba Jumapili kanisa lote litasikia. Fundi alifuta vidole kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mtu wa garaji hana kitu Bunia isipokuwa jina, na yeye alikuwa analitoa pale barabarani kwa ajili yangu. Nilitaka kulipokea. Nasema kweli, nilitaka. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema "twende nyumbani".

Lakini mama akasema, "Hapana, musimugombeze. Nimesema ni mimi."

"Si weye," nikasema. "Wala si yeye. Ni mimi."

Mama akanigeukia. "Weye ulifanya nini?"

"Nilifungua vise. Mchana, fundi akiwa anakula. Robo ya muzunguko."

"Ulijua tutapanda?"

"Hapana. Nilifikiri ataona mbele ya saa nane."

"Ulitaka nini?"

"Usiende."

Mama alikaa juu ya lile lundo la udongo, taratibu, akishika kiuno. Pikipiki zilipita, watu walipunguza mwendo kututazama. Halafu akauliza, "Na zile 'bado' zote? Bado ya Mahagi, bado ya Kampala?"

"Zile zilikuwa kweli, mama. Karibu zote."

"Karibu," akasema.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alinyanyuka, akamwendea fundi, mwanamume anayeweza kuwa mwanawe, akainamisha kichwa. "Fundi, unisamehe. Huyu mutoto ni wangu." Kisha akamwendea kila mwanamke, mmoja mmoja, wote kumi na wawili, na kwa kila mmoja akarudia maneno yale yale: unisamehe, huyu mutoto ni wangu. Mimi nilisimama na kiatu kimoja. Alipomaliza, walienda nyumbani kwa miguu pamoja, bila mimi.

Ijumaa fundi alimaliza kazi. Alijaza mafuta, akatoa hewa, na aliyekaa juu ya pedali alikuwa muuza maji. Akajaribu kwa magunia ya mchanga, mara tatu, mteremko ule ule. Kisha akachukua waya mwembamba na koleo, akafunga kila purje, akausokota waya mpaka ukakaza, magurudumu yote manne. Nilimuuliza ule waya ni wa nini, ingawa nilijua.

"Ni ya kuzuia mikono," akasema. Na baadaye, akiwa ananipa ufunguo: "Yaya, jana ningenyamaza mpaka mwisho. Ulifanya vizuri kusema. Lakini gari yako sasa utafutie fundi mwingine." Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Nyumbani mama hakuniuliza kitu tena asubuhi. Alinipa chakula, nilikula. Nilidhani ametafuta kamio ya wafanyabiashara ao pikipiki ya kumpeleka, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Jumamosi alfajiri nilisikia kigoda kinaburutwa. Nikatoka. Mama alikuwa amekwisha kupanda, amekaa kiti cha mbele, beseni la mbegu magotini, jembe limesimama katikati ya miguu yake. Nyuma kulikuwa na wamama tisa. Watatu walikataa, na nani anaweza kuwalaumu?

"Mama," nikasema, "bado unakubali mimi nikuendeshe?"

"Nani mwingine? Panda. Jua linatoka."

Tukashika barabara. Nyuma walianza wimbo, ukaisha, wakaanza mwingine. Kwenye bariere, vile vizuizi vya barabarani, niliongea mimi, yeye alitazama mbele. Kila mteremko nilikanyaga mapema, kidogo kidogo, na kila mara pedali ilisimama juu. Mkono wake haukuacha ule mpini wa jembe. Nilitamani aniseme hata kwa neno baya. Nilitamani barabara ikatike. Hata wakati ule, baada ya yote yale, bado nilikuwa natafuta kasoro kwa macho: wingu, tairi, sauti yoyote. Hakuna. Gari ilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Shamba lilikuwa limefunikwa na majani yanayompita mama kimo. Mjomba alikuwa na hotuba ya kutupokea. Mama aliikata katikati, akavua viatu, akaingia kwenye majani na jembe. Nilisikia tu: ta, ta, ta. Kibanda kilikuwa na bati jipya na mlango uliokatwa kutoka mbao za sanduku. Nikakitazama, nikautazama ule mlango, nikausukuma kwa kidole, ukafunguka. Nikamfuata kule ndani ya majani.

"Mama, nikuje kukukamata, kukurudisha Bunia, mwezi gani?"

Hakuinua kichwa. "Hapana kuja kunikamata. Mimi si mufuko ya kabichi." Akapiga jembe mara mbili, akang'oa mzizi, akautupa nyuma yake. "Ukuje kunisalimia."

"Ndiyo, mama."

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Alinitazama kama mtu anayekagua mbegu. "Enda sasa, mvua isikukute njiani. Na teremuka polepole. Freni ni mupya, lakini dereva ni ule ule."

Nikarudi Bunia peke yangu, gari tupu, beseni lake halipo. Freni zilishika kila mteremko, na mimi kila mteremko nililia.